"Ni ufa tu, haujavunjika": jibu kwa mama wa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mpera

*"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Ijumaa alianguka kutoka kwenye mpera akaufikia mkono wa kushoto. Hospitali walimpiga eksirei, wakasema haujavunjika sana, ni 'grinistiki', yaani ufa tu. Wakamfunga plasta ya upande mmoja na bandeji, wakatuambia turudi baada ya siku 7. Leo ni siku ya 4. Kwa macho yangu naona mkono ulikuwa umepinda kidogo kabla hawajaufunga. Wiki hiyo hiyo jirani yetu aligongwa na bodaboda, mfupa wa mguu ukatokeza nje, amepelekwa Dar es Salaam amewekewa chuma. Sasa mama mkwe anasema ufa hauhitaji hospitali, tufungue plasta tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa, maana plasta hukausha mkono; yeye mwenyewe alimwona mtoto aliyekauka vidole. Naomba unieleweshe: ufa na kuvunjika vinatofautianaje? Kwa nini mmoja awekewe chuma na mwingine plasta? Mkono wa mwanangu utabaki umepinda? Na nimpe chakula gani ili mfupa uunge haraka?"*

Marahaba, mama. Pole sana, na mtoto mpe pole zangu. Kabla hujaendelea kusoma, naomba umwite umtazame vidole vya mkono uliofungwa. Vifananishe na vya mkono mzima: rangi ni ile ile? Joto ni lile lile? Bonyeza ukucha mmoja mpaka upauke, kisha uachie. Rangi yake inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mwambie akunje na kunyoosha vidole mwenyewe. Halafu wewe, taratibu, mnyooshee vidole vyote. Akivumilia, vizuri. Lakini akipiga yowe kwa maumivu makali ndani ya mkono, au vidole vikiwa vimepoa, vimepauka, vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi saa hadi saa ingawa amekunywa dawa ya maumivu kwa kipimo chake, usimalizie kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Na kama hospitali iko mbali, fungua ile bandeji kuanzia vidoleni hadi juu, legeza na pamba ya ndani mpaka uione ngozi. Kile kipande kigumu cha plasta kiache chini ya mkono kama kitanda, mkono uwe usawa wa moyo, muondoke. Mfupa ukisogea unaweza kupangwa tena kesho. Msuli ukikosa damu kwa takribani saa 6 unaanza kufa, na msuli uliokufa haurudi.

Kama vidole viko salama, basi tukae tuzungumze.

Nianze na hilo neno "ufa", kwa sababu ndilo linalotaka kuwapotosha pale nyumbani. Kwetu sisi tunaotibu mifupa, ufa, kupasuka na kuvunjika ni jambo moja. Hakuna ugonjwa mdogo unaoitwa ufa na mkubwa unaoitwa kuvunjika. Mfupa ukishapoteza mshikamano wake, hata kwa mstari mwembamba kama unywele, umevunjika. Sisi wahudumu tunachangia mkanganyiko huu: tunamwambia mzazi "ni ufa tu" ili tumtulize, naye anaondoka akiamini hakuna jambo. Siku ya tatu plasta imevuliwa, mtoto yuko uwanjani anacheza mpira. Ningependa tuseme: umevunjika, lakini umevunjika kwa namna inayotibika vizuri. Namna ndiyo habari yenyewe.

Sasa hiyo "grinistiki" ya mwanao, neno la Kiingereza lenye maana ya kijiti kibichi. Nenda pale pale kwenye mpera ulioleta balaa, uchume kijiti kibichi chenye unene wa kidole, kisha uokote na kijiti kikavu kilichoanguka chini. Kikavu ukikipinda kitalia "pwa" na kuwa vipande viwili mkononi mwako. Kibichi hakikatiki. Upande wa nje wa pindo nyuzi zitachanika, upande wa ndani zitapinda tu na kushikana, na gome litabaki limeviunganisha. Hivyo ndivyo ulivyo mkono wa mtoto wako. Mfupa una vitu viwili vikuu: nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, zinazoupa unyumbufu, na madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu. Mfupa wa mtoto unapinda zaidi kabla ya kukatika kuliko wa mtu mzima, na utando unaouzunguka, ambao ndio gome lake, ni mnene na wenye nguvu. Hivyo mtoto anavunjika kijiti kibichi, babu yake anavunjika kijiti kikavu.

Watu wakisikia hivyo hupumua, na wana haki. Ila mvunjiko huu una tabia moja ambayo mama mkwe hawezi kuiona kwa macho. Tazama tena kile kijiti kibichi: ukikiachia hakinyooki chenyewe, kinabaki na pindo. Ukikiegemeza kidogo tu upande ule ule, pindo linaongezeka. Ndivyo inavyotokea kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja. Upande mmoja umechanika, upande wa pili umepinda na unavuta kama upinde, na misuli nayo inavuta. Uvimbe unapopungua siku za mwanzo, plasta iliyokuwa imebana sawasawa inapwaya, na mfupa unapata nafasi ya kuinama zaidi bila mtoto kuhisi maumivu makubwa. Ndiyo maana mmeambiwa mrudi siku ya 7. Tarehe hiyo si ya kwenda kusainiwa daftari. Ni ya kupigwa picha nyingine na kuona kama mfupa umetulia. Ukisogea na ukaonekana wiki ya kwanza au ya pili, kuurudisha ni kazi ya dakika chache mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi. Ukigundulika wiki ya sita, umeshashika, na kuurekebisha maana yake ni kuuvunja upya.

Jambo moja nikuandae, usije ukashtuka. Kunyoosha mvunjiko wa aina hii wakati mwingine humlazimu daktari kuumalizia kuuvunja ule upande uliobaki, kwa makusudi, ili usiendelee kuvuta. Mzazi akisikia "tumeuvunja wote" anadhani wamemharibia mtoto. Hawajamharibia. Uliza tu, utaelezwa.

Turudi kwa jirani yako. Ukiwa na chaki, chukua kipande uipinde kama unavunja muwa: itakatika mkato wa moja kwa moja, kama iliyokatwa na rula. Chukua kipande cha pili, ushike ncha mbili uisokote kama unavyokamua nguo: itakatika kwa mshazari unaozunguka, ncha zake zimechongoka. Mfupa ni hivyo hivyo; alama ya mkato inakusimulia jinsi mtu alivyoumia. Pigo la moja kwa moja au kupindwa huacha mkato wa kukingama. Mchezaji ambaye kiatu chake kimenasa kwenye nyasi huku mwili umegeuka, atakuja na mvunjiko wa mzunguko kwenye muundi. Pikipiki na gari, kwa sababu ya kasi na uzito, husaga mfupa kuwa vipande vitatu, vinne, kumi. Na kuna kuvunjika kwa kubonyea, pale mfupa unapokandamizwa kwa urefu wake: mtoto huanguka akatanguliza kiganja na mfupa ukatoa kijibonge karibu na kifundo cha mkono bila kupasuka, na bibi huketi kwa kishindo, pingili ya uti wa mgongo ikajikunja kama kopo lililokanyagwa. Mkano, yaani kamba inayoshikisha msuli kwenye mfupa, nao ukivutwa ghafla unaweza kung'oa kipande cha mfupa pale uliposhikia.

Hizo zote zinaweza kutokea ngozi ikiwa nzima. Linalomtenga jirani yako na mwanao kuliko jambo lolote ni lile tundu la ngozi. Muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu, upapase sasa hivi kwenye mguu wako: kati ya mfupa na dunia kuna ngozi tu, hakuna nyama. Ukivunjika kwa nguvu unatoboa, na ukitoboa unakutana na vumbi la barabarani, mafuta ya pikipiki, kipande cha suruali. Mvunjiko wazi ni dharura hata kama tundu ni dogo kama punje ya mahindi na mfupa umesharudi ndani. Mtu huyo anahitaji antibiotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, kinga ya pepopunda, na kuoshwa kwa maji mengi katika chumba cha upasuaji, nyama zilizokufa ziondolewe. Usaha ukiingia ndani ya mfupa unaweza kumsumbua mtu miaka. Kwa hiyo ukimkuta mtu barabarani katika hali hiyo, funika kidonda kwa kitambaa safi, kandamiza panapotoka damu bila kuusukuma mfupa ndani, funga mguu kwenye ubao kama ulivyo, mpeleke. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani.

Na chuma? Chuma hakiungi mfupa. Hili napenda lieleweke vizuri: si chuma, si plasta, si dawa ya daktari yeyote inayounga mfupa. Mfupa unajiunga wenyewe. Saa za mwanzo damu huganda pale palipokatika. Wiki mbili tatu zinazofuata huota tishu laini kama gegedu na kuzishika ncha. Wiki ya sita kuelekea ya kumi na mbili hiyo tishu hugeuka mfupa mchanga, mnene kuliko ule wa zamani, kama fundo kwenye mti. Kisha kwa miezi na hata miaka mwili unalichonga lile fundo mpaka mfupa ukaribie umbo lake. Kazi yetu ni kuuweka mahali pake na kuutuliza wakati unafanya kazi hiyo. Kwa mtoto mwenye gome nene lililobaki limeshikana, plasta inatosha kutuliza. Kwa mtu mzima wa kilo 70 ambaye muundi wake umekatika vipande na gome limechanika kote, plasta pekee mara nyingi haiwezi: mguu unafupika, unapinda, au mtu analala kitandani miezi. Ndipo huingizwa fimbo ya chuma katikati ya mfupa, ikakazwa kwa skrubu juu na chini, na mgonjwa anaanza kusimama kwa magongo mapema. Mahali kidonda ni kichafu mno, huanza na vyuma vya nje vilivyoshikiliwa na pini, mpaka nyama zipone.

Huenda jirani yako amewekewa ile fimbo iitwayo SIGN, inayotumika pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Ilibuniwa na daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji: matundu ya skrubu zake hulengwa kwa kifaa cha nje, si kwa kutazama picha kila hatua. Wapo madereva na abiria wengi wa bodaboda katika nchi zetu wanaotembea leo juu ya fimbo hiyo. Mwambie jirani pia kwamba mara nyingi si lazima itolewe baadaye, na kwamba sigara huchelewesha sana kuunga. Mfupa wake unaweza kuchukua miezi minne au zaidi, wakati wa mwanao utashika kwa wiki sita hivi. Asijilinganishe.

Sasa tulifikie neno la mama mkwe, na naomba tulifikie kwa heshima, kwa sababu alichokiona alikiona. Watoto waliokauka vidole wapo. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza hali hiyo mwaka 1881: misuli ya kigasha inanyimwa damu, inakufa, inageuka kovu, kovu linajikunja, na vidole vinabaki vimekunjamana kama kucha za kuku. Chanzo chake ni shinikizo. Mkono uliovunjika unavimba, na ukifungwa kwa kitu kigumu kinachozunguka pande zote, uvimbe hauna pa kwenda, unabana mishipa ya damu. Plasta iliyozungushwa mzima siku ya kwanza inaweza kufanya hivyo. Vijiti vilivyokazwa kwa kamba vinaweza pia, na hufanya hivyo vibaya zaidi, maana hukazwa mkono ukiwa bado haujamaliza kuvimba, na mtoto akilia usiku anaambiwa avumilie, mfupa unaunga. Nimewahi kufungua vijiti vya namna hiyo kwa mtoto aliyeletwa siku ya tano. Kamba ilikuwa imezama kwenye ngozi mpaka haionekani, na vidole vilikuwa baridi kama samaki. Mama yake alikuwa amebeba dawa ya maumivu kwenye kanga, aliinunua mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa halali. Kile kilio ndicho kilichokuwa taarifa, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo mweleze mama mkwe hivi: hofu yake ni ya kweli, na hao waliomfunga mjukuu wake nao wanaiogopa, ndiyo sababu wamemwekea plasta ya upande mmoja na bandeji laini, ili mkono upate pa kuvimbia. Ile kukonda kwa mkono unakoona plasta inapovuliwa ni jambo jingine kabisa. Msuli usiotumika hupungua. Mkono utatoka mwembamba, ngozi imekauka kama magamba, una vinywele kuliko mwenzake, na kiwiko kimekakamaa. Miezi miwili mitatu ya kuutumia, vyote hivyo vinarudi bila dawa.

Kuhusu mzee anayeunga mifupa, sitamtukana. Lugha yetu yenyewe inamkumbuka: kuganga ni kutibu na pia ni kuunganisha, na gango ni kile kijiti au chuma kinachoshikilia kilichovunjika. Mzee mwenye mikono mizuri anaweza kupapasa na kujua palipokatika. Huo nao ni ujuzi. Mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei, daktari Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko wa kifundo cha mkono tunaouita kwa jina lake mpaka leo bila kuwa na picha yoyote. Na ni kweli wengi hupona mikononi mwa wazee hawa. Lakini kumbuka nilichosema: mfupa unajiunga wenyewe. Mbavu huunga bila kufungwa. Mtulinga wa mtoto huunga kwa tanga tu, ile kanga inayoshikilia mkono shingoni. Kile kijibonge cha kifundo cha mkono huunga hata kwa bandeji. Mzee akipata hao, sifa ni zake. Asichoweza kukiona kwa kupapasa ni mkato uliopita ndani ya kiungo, au uliogusa sehemu ambako mfupa wa mtoto hurefukia, au mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele ya kiwiko na kunaswa na ncha ya mfupa. Kiwiko cha mtoto ndicho kinachonitia hofu kuliko kiungo chochote. Kikivunjika juu kidogo ya pindo lake, nataka kukiona saa hiyo hiyo.

Mwanao tayari ana picha, tayari ana plasta, na mvunjiko wake unajulikana. Kumfungua siku ya nne kwenda kuvutwa na kukandwa ni kuuondoa mfupa kwenye utulivu wakati ndiyo kwanza unaanza kushikana. Kukanda kwa maji ya moto na kusugua kwa nguvu karibu na jeraha bichi huongeza damu na uvimbe, na kwenye kiwiko kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, kiungo kikagoma kukunja. Kwa hili sina maneno ya katikati: msimfungue. Kama familia haitatulia bila mzee kuhusishwa, mwalikeni aje amwone mtoto akiwa na plasta yake, na mwende naye hospitali siku ya 7. Nimewaona wazee waliosimama mbele ya picha ya eksirei wakaelewa kuliko ndugu wa mgonjwa.

Utabaki umepinda? Hapa umri ni rafiki yako. Mtoto wa miaka 9 bado ana miaka mingi ya kukua, na mfupa unaokua huchonga pindo lake wenyewe, hasa likiwa karibu na kifundo cha mkono, kwa kuwa sehemu kubwa ya urefu wa kigasha hukulia huko. Madaktari wengi huvumilia pindo la digrii 10 hadi 15 kwa umri huu, wakijua litanyooka ndani ya mwaka au miwili. Katikati ya kigasha uvumilivu ni mdogo zaidi. Na kuna kitu ambacho mwili haurekebishi hata kwa mtoto: mfupa ulioungana ukiwa umesokotwa. Huo utamzuia kugeuza kiganja juu na chini, na atauhisi akishika sahani, akinawa uso, akipokea chenji dukani. Kwa hiyo usitazame pindo peke yake. Uliza: "Je, mfupa umejisokota?"

Na uliza la pili: mkato uko mbali kiasi gani na gegedu la ukuaji? Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalourefusha mfupa. Kwenye eksirei linaonekana kama mstari mweusi, na wapo wazazi waliodhani ndio ufa wenyewe. Mvunjiko unaweza kupita humo. Salter na Harris, madaktari wa Kanada, waliigawa aina hizo katika makundi matano mwaka 1963 na bado tunayatumia. Iliyo ya kawaida zaidi, ya pili, hupona vizuri mara nyingi. Ile ya tano, ambapo gegedu limekandamizwa, huenda isionekane kabisa siku ya kwanza, ikajidhihirisha miezi baadaye mkono mmoja ukibaki mfupi. "Grinistiki" kwa kawaida iko mbali na hapo, kwa hiyo huenda hili halimhusu mwanao. Muulize tu daktari akuonyeshe kwa kidole kwenye picha. Akisema mkato umegusa gegedu, mtahitaji kurudi kuangaliwa kwa miezi 6 hadi 12 hata kama mtoto amepona na anacheza.

Chakula. Najua supu ya makongoro imeshatajwa. Mpe akiipenda, ina protini na inachangamsha, lakini haiendi moja kwa moja kuunga mfupa kwa kuwa imetoka kwenye mifupa. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana kalsiamu nyingi kuliko supu hiyo. Maziwa, mtindi, maharage, mayai, mchicha, na dakika za jua asubuhi ngozi ikiwa wazi. Mtoto anayekula hivyo hahitaji vidonge. Kama familia imepungukiwa, dagaa na maharage vinatosha.

Plasta isilowe. Isichokonolewe kwa kijiti au spoku hata ikiwasha namna gani, maana mchubuko ukioza humo ndani hauonekani. Harufu mbaya, unyevu unaopenya au homa ni sababu ya kurudi kabla ya tarehe. Alale mkono ukiwa juu ya mto. Vidole avichezeshe kila saa anapokuwa macho. Na baada ya plasta kutoka, mpera upumzike miezi miwili, kwa sababu mvunjiko wa namna hii ni mwepesi kujirudia palepale.

Kwa wengine wanaosoma, kwa ufupi. Mfupa uliovunjika kwa sababu ndogo isiyolingana, mtu alijigeuza tu kitandani au alijikwaa, unatuambia mfupa wenyewe unaumwa: unaweza kuwa umepungua kwa uzee, una saratani, una kifua kikuu. Mtoto mwenye selimundu anayelalamika maumivu ya mfupa na homa achunguzwe kama ana usaha ndani ya mfupa, asidhaniwe ameteguka. Bibi aliyeanguka na mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, amevunjika nyonga hata kama anasema anajisikia nafuu. Na kichanga ambaye hajaanza kutembea akiwa na fupa la paja au la mkono lililovunjika, hakujiumiza mwenyewe. Aangaliwe kwa makini, kwa usalama wake. Aliyeanza kutembea ni tofauti, anaweza kuvunja muundi kwa kujisokota tu akikimbia uani.

Siku ya 7 mama, nenda na ile picha ya kwanza, usiiache nyumbani. Waombe wazibandike mbili pamoja, ya zamani na mpya, zote za mbele na za ubavuni, kiwiko na kifundo cha mkono vyote vikionekana. Ukiona wewe mwenyewe, kwa macho yako, kwamba pindo la picha ya pili ni kubwa kuliko la kwanza, usiondoke hapo kabla hujaelezwa watafanya nini. Na kama hospitali hiyo haina anayeweza kumnyoosha, omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo, msisubiri wiki nyingine.